Kura bila daftari

Jioni ya Jumatano, 10 Agosti 2022, siku moja baada ya Wakenya kupiga kura, niliwakuta vijana wanne wa mtaani kwetu Mombasa wamekaa barazani na daftari la hesabu, lile la miraba tunalowanunulia watoto wa shule. Mmoja anasoma tarakimu kwenye simu, wa pili anaandika, wa tatu anajumlisha, wa nne anarudia jumla kuanzia juu. Walikuwa wamefungua tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, wakachagua eneo bunge la Mvita, na sasa wanapita kituo baada ya kituo.

“Ami, hebu njoo utuazime macho. Hii ni moja au ni saba?”

Niliinama nikatazama. Ilikuwa picha ya Fomu 34A, karatasi ambayo afisa msimamizi wa kituo huijaza kwa mkono usiku kura zikishahesabiwa. Juu jina la shule, katikati majina ya wagombea na kura zao, chini sahihi za mawakala wa vyama na muhuri wa tume. Ilikuwa saba. Tukabaki pale hadi adhana ya isha, na nilipoondoka nilijua jambo ambalo sikuwahi kulijua katika uchaguzi wowote tangu nianze kupiga kura: matokeo ya shule niliyopigia kura mimi, kutoka kwenye karatasi yenyewe.

Tumezoea kuuliza kama mitandao inaijenga demokrasia au inaibomoa. Mimi nimechoka na swali hilo, kwa sababu kila mwenye upande wake ana mifano ya kutosha. Ninachouliza siku hizi ni hiki: chombo kilicholetwa kinampa raia karatasi aisome mwenyewe, au kinamwonyesha jumla na kumtaka aamini? Wazee wa maduka wana msemo wao, mali bila daftari huisha bila habari. Kura ni mali ya aina hiyo hiyo.

Sisi Wakenya tulilijua hilo kwa damu. Kura za 2007 zilipigwa tarehe 27 Desemba. Siku tatu baadaye matokeo ya urais yakatangazwa, rais akaapishwa jioni ile ile, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji kutoka Afrika Kusini, ilipoyapitia makaratasi iliona uharibifu umekuwa mkubwa kiasi kwamba haikuwezekana kusema kwa hakika nani aliyeshinda. Hebu fikiria: watu wamekufa kwa ajili ya jibu, na jibu lenyewe halipo popote lilipoandikwa. Ni katika siku hizo za Januari 2008 ambapo wanablogu na wasanidi programu wachache wa Kenya walitengeneza ramani ya mtandaoni ya kupokea habari za ghasia kwa ujumbe mfupi wa simu, wakaiita Ushahidi. Nimelipenda jina hilo tangu siku ya kwanza. Wangeweza kuiita sauti, au umoja, au amani. Walichagua neno la mahakamani.

Dawa tuliyoandikiwa baada ya hapo ilikuwa mashine. Mwaka 2013 mashine zenyewe zililala: vifaa vya kutambua alama za vidole vikaisha chaji katika madarasa yasiyo na stima, mfumo wa kupeleka matokeo ukakwama, na kwenye skrini kubwa jijini Nairobi kura zilizoharibika zikawa zinazidishwa mara nane kwa kosa la programu. Tukarudi kwenye karatasi na magari.

Ya 2017 ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Siwezi kuandika habari za seva za mwaka ule bila kumkumbuka kwanza Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, aliyekuwa akija kwenye runinga kutueleza kwa utulivu jinsi mfumo utakavyofanya kazi. Siku chache kabla ya uchaguzi alikutwa ameuawa. Uchaguzi ukafanyika hivyo hivyo, 8 Agosti. Vituo vilipofungwa tu, tarakimu zikaanza kumiminika kwenye skrini, kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, na pengo kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga likawa linaonekana saa baada ya saa. Fomu hazikuonekana. Tume ilimtangaza Uhuru mshindi tarehe 11, na siku kadhaa baadaye ilikuwa bado haijakamilisha kuupa upande wa Raila, uliokwenda mahakamani, fomu 34A za vituo vyote. Kumbuka kwamba kabla hata ya kupiga kura tume yenyewe ilikuwa imetangaza kuwa vituo zaidi ya 11,000, kati ya 40,883, viko nje ya mtandao wa kasi wa simu. Tarakimu za huko zilikuwa zinasafiri vipi, na karatasi zake zilikuwa wapi?

Mahakama ya Juu iliamuru seva zifunguliwe ili wataalamu wa pande zote wazikague. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita walioisikiliza kesi, akiwemo Jaji Mkuu David Maraga, wakaufuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Mitaani watu waliimba “Fungua seva!” na wengine waliimba huku wakipigwa mabomu ya machozi.

Niliiunga mkono kaulimbiu hiyo na bado sijutii. Lakini kadiri miaka inavyopita naona ilikuwa nusu ya dai. Seva ikifunguliwa, nani kati yetu ataisoma? Muuza samaki wa Kongowea hawezi kusoma kumbukumbu za mashine, na mimi pia siwezi. Kila upande utakuja na mtaalamu wake, mtaalamu atamjibu mtaalamu, nasi tutarudi pale pale pa kuchagua wa kumwamini. Fomu 34A haihitaji mtaalamu. Inahitaji mtu anayejua kusoma na kujumlisha, na kwa bahati njema watu hao ni wengi.

Mwaka 2022 mwenyekiti wa tume alikuwa yule yule, marehemu Wafula Chebukati. Sheria iliyotaka fomu za vituo ziwekwe kwenye tovuti ya umma ilikuwa ipo tangu kabla ya uchaguzi uliofutwa. Kilichobadilika ni kwamba safari hii ilitekelezwa. Msimamizi anaijaza fomu mbele ya mawakala, wanatia sahihi, kila mmoja anapewa nakala, moja inabandikwa mlangoni pa kituo, kisha anaipiga picha kwa kifaa cha tume na picha inaingia kwenye tovuti, wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Vituo vilikuwa 46,229. Fomu nyingi sana zilikuwa zimeshaingia wakati vijana wangu wa barazani wanafungua ukurasa wa kwanza wa daftari.

Chukua kalamu ufanye hesabu hii. William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawanye kwa vituo 46,229, unapata kura tano kwa kila kituo. Tano! Katika kituo chenye wapiga kura hadi 700, kura tano ni familia moja iliyochelewa basi. Kwenye uchaguzi wa wembamba huo, anayetaka kuiba hahitaji kubuni kaunti nzima. Anahitaji kugusa karatasi kidogo kidogo, moja ikawa saba, tatu ikawa nane. Ndiyo maana picha ya kila karatasi ilikuwa na thamani kuliko skrini yote ya Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura.

Na hicho hasa ndicho kilichodaiwa mahakamani: kwamba mtu aliingia katikati ya njia, akazibadilisha fomu kabla hazijafika kwenye tovuti. Majaji waliagiza ukaguzi. Fomu halisi za sampuli ya vituo zikalinganishwa na nakala za mawakala na zile za tovuti, na hazikupatikana tofauti za maana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaidhinisha matokeo. Waliopiga kura upande wa Raila wengi hawakufurahi, na wana haki yao ya kutofurahi. Lakini tazama ni nini kilichoamua ubishi ule. Ni ile nakala aliyoikunja wakala mfukoni saa tisa za usiku. Udukuzi wa kompyuta, kama ungekuwapo, ungekwama kwenye ukuta wa shule ya msingi.

Kuna tukio moja dogo la siku zile ambalo watu wamelisahau nami nalitunza. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, na mmoja wao, makamu mwenyekiti Juliana Cherera, akawaeleza waandishi wa habari kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura takriban 142,000. Haukupita muda, watu wakawa wanafanya hesabu ile kwenye simu zao. Kura halali zilikuwa milioni 14.2, sehemu moja ya kumi elfu yake ni kura 1,421 tu, na hata hizo zinatokana na kukadiria desimali. Kwa nchi ambayo miaka kumi na mitano nyuma ilichinjana kwa sababu ya tarakimu, kuwaona makondakta na wanafunzi wakimsahihisha kamishna hesabu za asilimia, bila jiwe kurushwa, lilikuwa jambo la kunitoa machozi. Nasema kweli.

Sitaki kuipamba picha ile kuliko ilivyokuwa. Tume iliweka picha za fomu bila jumla inayoendelea, kwa hiyo vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kwa mpangilio wake. Kituo kimoja cha runinga kimeanza na maeneo ya upande huu, kingine upande ule, na saa ile ile ukibadilisha chaneli unabadilisha rais. Kisha wakapunguza kasi, wengine wakanyamaza kabisa, na ukimya ule kati ya tarehe 11 na 15 ukajazwa na picha bandia na ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiojulikana umetoka wapi. Vyombo vyetu vikubwa vilikuwa na watu, kompyuta na fomu zote. Walishindwa kumaliza kazi ambayo vijana wenye daftari waliimaliza kwa eneo bunge zima. Hilo bado linaniuma kama mtu ninayeishi kwa kalamu.

Uongo haukuanza hapo, wala hauji wenyewe. Machi 2018 wakuu wa kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, walinaswa kwenye kamera ya siri wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017, na kwamba kazi yao ni kugusa hofu za watu. Huenda walijikweza kidogo, wafanyabiashara hujikweza. Lakini wanajua wanachokiuza. Hofu huuzika vizuri mahali ambapo mtu hana njia ya kwenda kuhakikisha. Ukiniletea uvumi kuhusu shule ninayoweza kufungua fomu yake kwa sekunde kumi, umepoteza bando lako.

Miaka miwili baada ya uchaguzi wa 2022 tabia ile ile ya kujisomea karatasi ilitoka kwenye uchaguzi ikaingia kwenye kodi. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa waraka mrefu wa lugha ya mawakili, aina ya waraka ambao zamani tulikuwa tunaupata kwa vichwa vya habari tu. Vijana waliupakua. Waliufafanua kwenye TikTok kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakaonyesha kodi ya mkate ya asilimia 16 na ya magari ya asilimia 2.5 imeandikwa ukurasa gani. Serikali ikaviondoa vifungu kadhaa kabla hata mjadala haujaisha. Wabunge 195 dhidi ya 106 wakaupitisha mchana wa 25 Juni. Waandamanaji wakaingia bungeni, polisi wakafyatua risasi za moto, watu wakafa barabarani. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi.

Kuna wanaosema TikTok iliwachochea. Mimi nasema waliusoma muswada, na wengi wa waliowalaumu hawakuwa wameusoma. Iliyofuata ndiyo inayonitisha: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu makumi ya waliouawa na makumi ya waliotekwa nyara katika miezi iliyofuata, baadhi yao wakiwa ni vijana waliojulikana kwa walichoandika mtandaoni tu. Simu ile ile iliyompa kijana muswada ndiyo inayoonyesha amelala wapi. Sijaona njia ya kulitenganisha hilo kwa teknolojia zaidi. Linatenganishwa na mahakama zinazodai kujua nani aliyeomba taarifa za mahali simu ilipo, na kwa hati gani.

Na pale serikali inapojua raia atailinganisha karatasi, ina njia fupi zaidi: kuzima.

Kongo ilizimwa 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, na intaneti ikabaki imezimwa kwa karibu siku ishirini. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wametawanya waangalizi wapatao 40,000 kwenye vituo, na wakasema takwimu zao zinaonyesha wazi nani ameshinda. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Félix Tshisekedi, na matokeo ya kituo kimoja kimoja haikuyachapisha. Beni na Butembo, miji inayozungumza Kiswahili chetu, zilikuwa zimeondolewa kwenye uchaguzi ule kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama. Zikaambiwa zitapiga kura Machi, rais akiwa tayari ameshaapishwa. Watu wa Beni walifanya nini tarehe 30 Desemba? Walipanga foleni wenyewe, wakatengeneza karatasi zao za kura, wakapiga, wakahesabu hadharani. Kura zisizohesabika popote kisheria, na walizihesabu moja moja kwa sauti.

Uganda ilizimwa jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, kwa siku kama tano. Upinzani wa Bobi Wine ulikuwa umetengeneza programu ya simu ambayo wakala na mpiga kura wangeitumia kutuma picha za fomu za matokeo kutoka vituoni. Programu bila mtandao ni aikoni tupu kwenye skrini. Tuliambiwa sababu ni usalama wa taifa, maneno yale yale yaliyotumika Kinshasa.

Tanzania ilizimwa 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kura, huku Tundu Lissu wa CHADEMA akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, akiwa ameshaenguliwa. Mtandao ulirudi baada ya rais kutangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi ule haukufikia viwango vya umoja huo. Nina ndugu Tanga na Dar es Salaam. Kwa siku kadhaa sikujua nani yuko hai. Sitajifanya ninaandika kuhusu siku zile kama mchambuzi wa mbali.

Lakini hata mtandao ungebaki wazi, Mtanzania angeipeleka wapi karatasi yake? Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ilishaamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wa teknolojia wanaodhani tovuti kama ya 2022 ikihamishiwa nchi nyingine itafanya kazi. Picha ya fomu ina nguvu kwa sababu kuna jaji anayeweza kuitazama. Na kinyume chake pia: Nigeria ina mahakama, tume yake iliahidi kabla ya 25 Februari 2023 kwamba matokeo ya kila kituo yataonekana mtandaoni, na usiku wa kura matokeo ya urais hayakupanda. Tovuti ya matokeo isiyo na matokeo usiku ule iliwaumiza Wanigeria kuliko kama wasingeahidiwa kabisa.

Kenya inapiga kura tena 10 Agosti 2027. Tume mpya ya Erastus Ethekon imeapishwa Julai 2025, na maneno yanayosikika zaidi ni vifaa vipya, kampuni gani itapewa zabuni, bei gani. Mimi ningependa waseme mambo mawili tu mapema: kwamba tovuti ya fomu itafunguliwa jioni ile ile kama 2022, na kwamba zamu hii itaweka jumla ya kila kituo kwa tarakimu zinazopakulika, pembeni ya picha. Na Mamlaka ya Mawasiliano iahidi kwa maandishi kwamba mtandao hautaguswa, kwa sababu 25 Juni 2024 intaneti yetu ilidorora kwa saa kadhaa, kampuni za simu zikataja nyaya za baharini, na wengi wetu hatujaridhika na jibu lile.

Yule kijana aliyekuwa akiandika kwenye daftari la miraba amenijia wiki iliyopita. Anataka kuwa wakala. Tulikaa pale pale barazani nikamweleza ninavyojua: awe na kalamu mbili na kichaji chenye moto wa kutosha, ale kabla ya saa kumi na moja jioni kwa sababu chama kinaweza kisimletee chakula, asitoke kituoni kabla ya sanduku la mwisho kuhesabiwa hata wenzake wakiondoka, na asitie sahihi fomu ambayo ina nafasi tupu. Akaniuliza, “Na wakikataa kunipa nakala, ami?” Nikamwambia aandike hivyo kwenye fomu yenyewe, mahali pa maoni ya wakala, kwa mwandiko unaosomeka.